Nyusi za Kizuka

Sehemu ya Saba

Kwa aliyekosa gazeti wiki iliyopita, mambo yako hivi. Mimi ni Hamida, afisa afya wa hapa Lindi, yule ambaye wauza chakula wakimwona anakuja hufunika sufuria kwanza ndipo wamsalimie. Mume wangu Abdulrazak, mnunuzi wa ufuta, alitoka asubuhi na pikipiki kwenda Rutamba, akarudishwa amefunikwa shuka. Nikawa kizuka. Nikakalishwa mkekani chumbani kwangu Mitwero, kanga nyeupe, bila manukato, bila wanja, miezi minne na siku kumi.

Ukoo wa mume wangu ukaniwekea sharti. Binti yetu Warda, mwenye miaka tisa, atabaki kwangu iwapo nitamkalia baba yake eda kama inavyotakiwa. Nikiteleza, anakwenda Kilwa Kivinje kwa bibi yake, na huko ndiko atakakokulia.

Sharti jepesi, nikasema. Ni kukaa tu. Nani anashindwa kukaa?

Lakini niliwadokeza kwamba niliingia eda nikiwa na siri usoni. Leo naisema yote.

Sina nyusi.

Nilikuwa nazo. Nilipomzaa Warda zikaanza kudondoka, unywele baada ya unywele, mpaka paji likawa tupu. Hospitali wakasema ni tezi ya shingo. Nikameza dawa, tezi ikatulia, nyusi hazikurudi.

Basi kila alfajiri, kabla mtu hajaamka, nilijichora kwa penseli ya wanja. Miaka yote hiyo. Mama yangu mzazi amekufa hajui. Warda alikuwa hajawahi kuniona bila nyusi hata siku moja. Duniani alijua mtu mmoja tu, Abdulrazak, na yeye alifanya mzaha.

"Leo umekasirika upande wa kushoto peke yake," alikuwa akisema, nikiwa nimechora mmoja juu kuliko mwingine. "Nani kakuudhi nusu, nimfuate?"

Kazi yangu ni ya jua na jasho. Nakagua machinjio, nakagua vyoo vya shule, nakagua migahawa yenye moshi. Ikifika adhuhuri wanja umeshuka mpaka kopeni. Siku moja Abdulrazak akaniambia, "Hamida, pale Kilwa Masoko kuna dada anachora nyusi za kudumu. Anatumia sindano, rangi inaingia kwenye ngozi. Nenda ukapumzike na hiyo penseli."

"Na dini?"

"Muulize shekhe."

"Nikimuuliza shekhe, shekhe atajua sina nyusi."

Akacheka mpaka akakaa chini. Najua wako watakaosema kosa langu liko hapo hapo. Waseme. Hayo tutazungumza mimi na Mola wangu, ninyi hamuhusiki.

Alinipeleka mwenyewe. Fundi jina lake Getrude, msichana wa Kipatimu, mdomo hauna breki. Kabla sijalala kitandani kwake nilikagua chumba kizima.

"Fungua sindano mbele yangu," nikamwambia. "Nataka kuona pakiti inachanika. Na glovu mpya."

"Dada, umekuja kuchora nyusi au kunifungia ofisi?"

"Vyote vinawezekana."

Alinipima kwa uzi uliochovywa wino, akanichorea alama, akanipaka dawa ya ganzi, akaanza. Nisiwadanganye, ganzi husaidia kiasi. Zilizobaki ni sindano zinakuparua kama mtu anayetoa magamba ya samaki kwenye paji lako. Machozi yalitoka yenyewe. Abdulrazak alikaa pembeni ameshika kidole changu gumba, akawa ananihesabia magunia ya ufuta ili nisahau.

Alipomaliza, Getrude akanionya.

"Sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wateja wanaponisumbua. Siku za mwanzo zitakuwa nyeusi kama masizi, usiogope. Halafu zitashika magamba, zitawasha. Usikwangue. Usiziloweke, usipigwe na jua, usiiname kwenye moshi. Magamba yakidondoka hutaona kitu. Paji jeupe! Utasema Getrude kanitapeli."

"Kisha?"

"Kisha unatulia. Rangi imejificha chini ya ngozi, itapanda yenyewe polepole. Mwezi, mwezi na kitu. Ikishapanda ndipo tunazibia palipokosa."

"Utakuja Mitwero," Abdulrazak akadakia. "Nyumba yetu ina mlango wa bluu, kila mtu anaijua. Mke wangu ana kazi nyingi, usimngoje akupigie. Wewe njoo tu."

Getrude alitaka kunipiga picha, kabla na baada, kama anavyowafanyia wote. Nikakataa. Sura yangu bila nyusi aione nani?

Juma lile lile Abdulrazak akaenda Rutamba.

Siku ya mazishi nyusi zilikuwa na magamba. Niliivuta kanga mpaka kwenye kope, na wanawake wakasema maskini, hataki hata kuona mwanga. Sikuwa na nafasi ya kueleza. Mtu anamlilia mumewe, aanze kueleza nyusi?

Magamba yalidondokea mswalani, moja moja, kama maganda ya ufuta. Nikayaokota nikayatupa.

Tangu hapo sikujua usoni kwangu kuna nini. Kwetu kizuka hajitazami kwenye kioo. Mama mkwe wangu, Bi Kijakazi, alipofika kutoka Kivinje, jambo la kwanza alikigeuza kioo cha kabati kikatazama ukuta. Simu yangu akaichukua wifi yangu Zuwena. Alisema kizuka hachezi na simu.

Zuwena ndiye aliyewekwa kunitazama. Aliniletea uji, akanitegea maji ya udhu, akanilalia mlangoni. Siku moja akaniinamia, akanichunguza paji.

"Wifi! Kumbe bila wanja ndivyo ulivyo? Uso kama yai la kuchemsha!"

"Ndivyo Mungu alivyoniumba," nikamjibu. Nilitaka aondoke.

Laiti ningenyamaza. Neno lile alilihifadhi.

Upweke wa eda haukuwa nilivyoudhani. Nilidhani ni kukosa watu. Watu walikuwepo, tena wengi. Walikaa sebuleni, wakapika, wakacheka kwa sauti ya chini, wakaingia kunitazama kama mtu anayechungulia sufuria kama maji yamechemka. Nusu yao niliwahi kuwafungia vibanda. Wakinipa mkono wa pole, nilihisi mkono umepoa.

Hapakuwa na hata mmoja wa kumwambia: paji linaniwasha, na mtu aliyejua kwa nini tumemzika.

Warda aliruhusiwa kuingia baada ya shule. Anakaa pembeni ya mkeka, ananisomea daftari la sayansi. Hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu. Asubuhi yote namngoja, jioni yote namkumbuka.

Mambo yakaenda hivyo mpaka arobaini ya marehemu.

Turubai likafungwa uani. Sufuria za pilau zikapangwa. Wanaume nje na hitima yao, wanawake ndani na yao. Bi Kijakazi alirudi kutoka Kivinje na gari la kukodi, Noah nyeupe, akaliegesha mbele ya nyumba.

Walipomaliza kusoma, wanawake wakaanza kuingia chumbani kunipa mkono. Joto lilikuwa kali, na ile kanga niliyozoea kuivuta mpaka kwenye kope nikaisogeza nyuma.

Wa kwanza akasema, "Pole, Bi Hamida, Mungu akupe..." Akakwama. Macho yake yalikuwa juu ya macho yangu. Akatoka haraka.

Wa pili alinipa ncha za vidole, akageuka.

Wa tatu alimfinya wa nne.

Nikashika paji langu. Laini. Haliumi, haliwashi. Nikadhani labda nina masizi, au ute wa yai niliokula asubuhi. Nikajifuta kwa pembe ya kanga.

Warda akaingia na sahani ya pilau. Akaniona, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Mama! Umerudi!"

"Nilikwenda wapi?"

"Nyusi zako zimerudi. Umekuwa mama wa zamani."

Nilihisi mkeka unazama.

Rangi ilikuwa imepanda. Getrude alisema mwezi, mwezi na kitu. Ulipotimia mwezi na kitu, ilipanda, kwa ahadi yake, mbele ya wanawake wote wa Mitwero.

Sikupata hata muda wa kuvuta kanga. Zuwena alikwishaingia, nyuma yake wanawake wamejaa mlangoni.

"Wifi, nini hicho?"

"Nini?"

"Usiniulize nini! Siku ya arobaini ya kaka yangu, umekaa mkekani umejipaka wanja? Unamsubiri nani?"

"Sijapaka kitu, wifi."

"Sisi vipofu?"

Akapiga kelele aletewe mafuta ya nazi na pamba. Yakaletwa upesi, kama yalikuwa yanangoja. Akapiga magoti mbele yangu, akanishika kisogo, akaanza kufuta. Alifuta kwa hasira ya mtu anayesugua ukoko.

Pamba ikatoka nyeupe.

Akachukua nyingine. Nyeupe. Akachukua ya tatu, akakandamiza mpaka nikasikia mfupa. Nyeupe.

Nikafikiri, alhamdulillahi, nimeokoka. Wameona wenyewe si wanja.

"Haitoki," mtu akasema mlangoni.

"Kama haitoki ni wino."

"Ni chale!"

Zuwena akakaa chini taratibu. Aliitazama ile pamba, akanitazama mimi, na nikaona akili yake inavyotembea, hatua kwa hatua, kuelekea mahali pabaya.

"Majuzi tu hapa palikuwa patupu," akasema. "Niliona kwa macho yangu. Nikakuuliza, ukanijibu ndivyo Mungu alivyokuumba. Ulisema hukusema?"

"Nilisema, lakini..."

"Basi umechanja lini?"

Nje kwenye masufuria nilisikia kijiko kimewekwa chini.

"Umechanja ndani ya eda," Zuwena akamalizia mwenyewe. "Hapa hapa. Juu ya mkeka wa kaka yangu."

"Nilichanja kabla! Abdulrazak akiwa hai. Rangi hujificha, ndiyo kawaida yake. Magamba yanatoka, paji linakuwa tupu, baada ya wiki kadhaa rangi inapanda."

Nilijisikia nilivyosema. Hata mimi, kama nimekwenda kukagua mgahawa na mwenyewe akaniambia uchafu ule ulikuwa umejificha chini ya sakafu na leo umepanda wenyewe, ningemfungia siku hiyo hiyo.

"Rangi inakwenda matembezi halafu inarudi," mwanamke mmoja akasema. Ni Kibibi, muuza chapati wa sokoni, niliyemfungia mara mbili. Wakacheka, msibani.

Bi Kijakazi akaingia. Wakampisha.

"Mwacheni aseme," akawaambia. "Hamida, nani anajua kwamba ulichanja kabla?"

"Abdulrazak, mama. Alinipeleka mwenyewe."

"Mwingine?"

"Fundi. Yuko Masoko. Anaitwa Getrude."

"Mwingine?"

Sikuwa na jina la tatu. Simu ya marehemu, aliyopangia safari yetu ya Masoko, ilisagika naye barabarani.

Hapo ndipo tukasikia sauti uani.

"Hodi wenyewe! Kumbe leo mna harusi! Jamani, pilau linanukia mpaka kituoni!"

Nikaijua sauti. Moyo ukaruka kwa furaha, wallahi, nikasema Mungu kaniletea shahidi.

"Namtafuta bi mkubwa," sauti ikaendelea, inakuja ndani. "Yule Bibi Afya. Nimekuja kumalizia nyusi zake."

Furaha yangu ikafia hapo hapo.

Getrude akatokea mlangoni, mkoba wake begani, gauni la maua, midomo imekoza. Akaona vichwa vimefunikwa. Akaniona mkekani na kanga nyeupe.

"Mungu wangu," akasema. "Nani?"

"Mume wangu."

"Yule wa magunia ya ufuta? Bikira Maria!" Akaweka mkoba chini, akaanza kulia papo hapo, kilio cha kweli, na mimi nikatamani nimkumbatie, maana ndiye wa kwanza katika nyumba ile kumlilia Abdulrazak kama mtu aliyemchekesha.

Zuwena alikwishaufungua mkoba. Akatoa ile kalamu ya sindano, akainua juu watu wote waione. Akatoa kichupa cha rangi nyeusi.

"Kumalizia," akasema. "Mmesikia wenyewe. Mtu hamalizii asichoanza."

"Nilianza siku nyingi!" Getrude akafuta machozi. "Kabla ya haya yote. Yeye na mumewe walikuja Masoko kwangu, nikamchanja, nikamwambia nitakuja kuzibia. Ndiyo utaratibu. Wote nawafanyia hivyo."

"Una picha?" Bi Kijakazi akauliza. "Vijana wa siku hizi mnapiga picha kila kitu."

Getrude akanitazama. Nikatazama mkeka.

"Huyu alikataa picha, mama."

"Ah! Alikataa!" Zuwena akapiga kofi.

"Na hiyo hadithi ya rangi kujificha?" Bi Kijakazi akauliza tena.

"Si hadithi, mama. Ndivyo ngozi inavyopona. Juu inabanduka, chini inabaki. Ukiitazama wiki ya tatu utasema hakuna kitu, ukiitazama..."

"Dada," Zuwena akamkata, "mwizi wa pili hamtolei ushahidi mwizi wa kwanza. Wewe umekuja na sindano nyumba ya msiba, unataka tukuamini?"

"Sikujua kuna msiba! Niko Masoko, nani angeniambia?"

"Na mlango ulijuaje?"

"Alinielekeza marehemu."

"Marehemu!" Zuwena akageukia wanawake. "Kila kitu anajua marehemu."

Na hapo alikuwa amesema kweli tupu. Kila kitu alijua marehemu.

Bi Kijakazi akainua mkono. Mama huyu simsingizii. Hakuwa na chuki. Alikuwa mtu aliyemzika mwanawe na anatafuta mahali pa kushika.

"Yupo mtu mmoja asiyejua kusema uongo humu," akasema. "Niitieni mjukuu wangu."

"Mama, usimwingize mtoto," nikasema.

"Kama unasema kweli unaogopa nini?"

Warda akaletwa. Akasimama katikati ya wanawake wale, mikono nyuma, kama yuko mbele ya darasa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mama yangu. Hebu niambie bibi. Baba yako alipokuwa hai, mama yako alichanja nyusi kwa sindano?"

Warda alinitazama. Nikataka kumwambia sema ndiyo. Ningemwambiaje? Hakujua. Nilihakikisha kwa miaka yote kwamba hajui.

Aliona watu wananishambulia, na yeye ni binti yangu, mkali kama mimi. Akainua kidevu.

"Mama yangu hajachanja! Msimsingizie! Zile ni nyusi zake za kuzaliwa. Alikuwa nazo kila siku, nyeusi hivi hivi. Baba alipokufa ndiyo zikapotea."

Hakuna aliyecheka safari hii.

"Kila siku?" Bi Kijakazi akauliza taratibu.

"Kila siku, bibi. Naapa."

Mtoto alinitetea kwa nguvu zake zote, na kwa kila neno alinizika. Zilikuwepo, zikatoka, zikarudi kwa wino. Na wino umepatikana kwenye mkoba uliokuja mlangoni.

Warda alidhani ameshinda. Akaja akanikalia ubavuni.

Bi Kijakazi akavuta kiti, akakaa karibu nami. Alinukia ubani.

"Hamida, sikuja kukudhulumu. Nilikupenda kwa sababu yeye alikupenda. Lakini sasa nimebaki na huyu tu. Ana vidole vya baba yake, umeviona? Nimwache kwa mwanamke ambaye hakungoja hata udongo wa kaburi ukauke? Ningelala?"

"Mama, niapishe. Nileteeni msahafu."

"Sikuapishi. Ukiapa uongo dhambi itanirudia mimi niliyekulazimisha." Akainuka. "Zuwena, funga nguo za mtoto."

"Hamna haki hiyo," nikasema. Sauti yangu ya kazini ikatoka yenyewe, ile ya kufungia migahawa. "Mimi ni mama yake. Kuna ofisi ya ustawi wa jamii, kuna mahakama. Najua pa kwenda."

"Nenda," Zuwena akasema. "Inuka mkekani uende. Tukuone."

Ndipo nilipoelewa nimekalishwa wapi. Ofisi zote nazijua. Nilisoma mpaka nikapata stashahada, maafisa wote wa halmashauri nawaita kwa majina. Lakini hakuna ofisi inayomjia kizuka juu ya mkeka, na kizuka akiifuata, amejihukumu mwenyewe njiani.

Shekhe alishawahi kusema kizuka anaweza kutoka mchana kwa dharura. Nilimsikia kwa masikio yangu. Lakini ya shekhe ni ya shekhe, na ya Mitwero ni ya Mitwero.

Zuwena alitoa nguo kabatini akazitia kwenye mfuko wa rambo. Gauni la Iddi. Sare ya shule. Daftari la sayansi.

"Mama, tunakwenda wapi?" Warda akauliza.

"Kivinje, kwa bibi," nikamwambia. "Kidogo tu."

"Na wewe?"

"Mimi nakaa eda."

"Basi nitangoja iishe."

"Twende," Zuwena akamshika mkono.

Hapo ndipo alipoelewa. Akajishika kwenye nguzo ya kitanda. Zuwena akavuta, kitanda kikaburuzika. Hakulia. Aliniita tu, sauti kavu, kama mtu anayeita kwenye simu isiyosikika. "Mama. Mama. Mama."

Wakambandua vidole kimoja kimoja. Vile vidole vya baba yake.

Getrude alijaribu kuwazuia mlangoni, akasukumwa, mkoba ukamwagika, sindano zake zilizofungwa kwenye pakiti zikatawanyika sakafuni. Kibibi akaziruka kama ni nyoka.

Nikabaki mimi na Getrude chumbani. Wengine wote walitoka kushuhudia.

"Dada," akasema, "si unaweza kukaa tu? Miezi si inakwisha? Halafu unamfuata."

Nilifikiri hivyo hivyo. Nikae. Nimalize. Nitoke eda nimeoga, nimevaa, nina barua ya mwanasheria. Hiyo ndiyo akili. Mimi ni mtu wa akili.

Nikasikia injini ya Noah inawashwa.

Miguu ilikuwa imekufa ganzi kwa kukaa. Nilisimama nikiwa nimeshika ukuta. Sebuleni hakuna mtu. Mlango wa mbele uko wazi, jua limelala juu ya kizingiti, upande huu kivuli, upande ule wanawake wote, na wanaume wa hitima wamesimama chini ya turubai na sahani mikononi.

Zuwena aliniona kwanza.

"Wifi! Rudi ndani! Ukivuka hapo umemaliza maneno yote!"

Nikavuka.

Nilivuka bila viatu, bila baibui, kanga nyeupe imenilegea kichwani, paji wazi na nyusi zangu mbili nyeusi juani. Watu wakarudi nyuma. Mwanamume mmoja akageuza uso. Mchanga uliniunguza nyayo.

Gari lilikuwa limeshaanza kusogea. Nikasimama mbele yake, nikaweka viganja viwili juu ya boneti. Dereva akafunga breki.

Nyuma ya kioo nilimwona Warda, paji lake limegandamana na kioo.

Bi Kijakazi akateremka. Alinitazama kutoka nyayo mpaka nyusi, hakuharakisha. Alipozungumza hakuzungumza nami tu.

"Hamida binti Issa. Mbele ya watu hawa, jibu mwenyewe, nisikusemee. Eda ya mwanangu umeivunja, hukuivunja?"

Nilikuwa na majibu. Nilikuwa nayo mengi na yote ya kweli. Ya shekhe, ya ngozi na jinsi inavyopona, ya kidole gumba changu mkononi mwa Abdulrazak. Nikajua hakuna hata moja litakalofungua mlango ule wa gari.

Alitaka neno moja. Labda akilipata moyo wake ungetua, na moyo ukishatua ungemwona mtoto pale kiooni. Labda.

"Nimeivunja, mama," nikasema, kwa sauti ya kusikika mpaka chini ya turubai. "Mimi mwenyewe. Niiteni mnavyotaka. Nipe mwanangu."

Mtu aliangusha sahani.

Bi Kijakazi alinigeuzia mgongo, akarudi kwenye gari, akaweka mkono juu ya kitasa cha mlango alikokaa Warda. Nilikuwa mbele ya boneti, jua machoni, na sikuweza kuona kama anaufungua au anausukuma ufunge.